Walipaka Gari Rangi, Likawa Kiziwi

Siku ya kwanza nilipoingia kazini nilikabidhiwa birika. Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi na cheti changu cha redio na mawasiliano, viatu nimevipiga rangi mpaka vinang'aa, na karani wa gereji akanitazama kuanzia juu mpaka chini, akasema, "Jiko liko huko nyuma. Wengi hapa wanakunywa bila maziwa." Nikamwuliza kama cheti amekisoma. Akasema amekisoma, ila cheti hakichemshi maji. Mpaka leo nikikumbuka shingo inapata moto, na mimi si mtu wa kusahau upesi.

Aliyeniondoa jikoni ni Fundi Mkuu, Mzee Wafula, mtu wa Bungoma aliyehamia Kisumu akiwa kijana na kuzoea Kijaluo kuliko wengine waliozaliwa nacho. Alinitoa birika mkononi, akamrudishia karani, akaniita uani. Kulikuwa na pikapu ya petroli inanguruma, na redio yake inapasuka pasuka kama bisi kwenye sufuria. "Haya, msichana," akasema, "inalia nini hiyo?" Nikamwomba akanyage mafuta kidogo. Akakanyaga, na kupasuka kukaenda mbio. Nikamwambia ni plagi, kwa sababu sauti inafuata mwendo wa injini na inakuja kwa vipande. Akazima gari. "Atieno, wewe chai utakunywa," akasema, "kuchemsha atachemsha mwingine."

Niwaeleze ninyi vijana wa siku hizi, ambao mkisikia redio mnawaza muziki. Redio tuliyokuwa tunashughulika nayo ni redio kol, zile za CB zilizofungwa ndani ya magari. Unabonyeza kitufe unaongea, unakiachia unasikiliza. Ilikuwa ndani ya malori ya miwa, magari ya miradi ya maji, na magari ya wagonjwa. Barabara nyingi za upande wa ziwa hazikuwa na simu ya aina yoyote, kwa hiyo dereva akishatoka mjini, kitu pekee kilichomuunganisha na watu wake ni waya mmoja mrefu uliosimama juu ya paa, yaani eriali.

Sasa, gari lenyewe ni adui wa redio yake. Hapo ndipo kazi yetu ilipokuwa. Plagi zinapiga cheche ili petroli iwake, na kila cheche inarusha mawimbi hewani, redio inayadaka. Altaneta, ile inayochaji betri, ina mluzi wake unaopanda na kushuka ukikanyaga na kuachia mafuta. Mota ya waipa inakwaruza. Pampu ya mafuta ya umeme inagonga taratibu hata kabla hujawasha injini. Mzee Wafula alikuwa akisema kila kelele ina mwenyewe, na fundi anayeanza kufungua skrubu kabla hajamjua mwenyewe ni mwizi wa muda wa watu.

Njia ya kumtafuta si uganga. Kwanza unachomoa eriali kwenye redio huku injini ikiwaka. Kelele ikikatika, ujue inaingilia juu, kwa eriali. Ikiendelea, inaingilia chini, kwa waya wa umeme, na dawa yake ni kuuvuta waya huo moja kwa moja hadi kwenye betri na kuuwekea kichujio. Ikiwa inaingilia juu, unakwenda kwenye mikanda. Huu ni waya wa shaba uliosukwa bapa, unaounganisha boneti na bodi, injini na chasi, paipu ya moshi na chasi, ili mabati yote ya gari yawe kitu kimoja na yafunike zile cheche. Mkanda usipokuwapo, boneti inakuwa eriali nyingine ya kurusha kelele. Na popote mkanda unapofungwa, popote eriali inaposimama, lazima ukwangue rangi mpaka bati lionekane jeupe, kwa sababu rangi haipitishi umeme. Kaeni na hilo la rangi.

Baada ya miaka kadhaa gereji ile ilifungwa na mwenyewe akarudi kwao, nikaajiriwa na shirika moja la afya lililokuwa likihudumia zahanati za ufuoni. Sitalitaja, na wala msijisumbue kukisia. Nilianzia karakana yao ya Kisumu chini ya Meneja wa Karakana, mzee mpole ambaye kosa lake lilikuwa kumwogopa kila mtu aliyevaa tai. Kisha nikahamishiwa Bondo, kituo kilichokuwa na chumba cha redio, magari ya wagonjwa, na Afisa wa Usafiri.

Huyo Afisa wa Usafiri alikuwa na amri mbili alizozipenda kuliko wanawe. Ya kwanza: hakuna gari kuwashwa uani isipokuwa linatoka, kwa sababu ya kubana petroli. Kwa hiyo kila Jumatatu redio zilikaguliwa injini zikiwa zimezimwa. Nilimwendea. Nikamwambia, bosi, kukagua redio injini imezimwa ni sawa na kuonja mboga kabla haijaingia chumvi, utasema nini juu yake? Akanijibu, "Mama, redio inaongea au haiongei?" Nikasema injini ikizimwa inaongea. "Basi iko sawa," akasema, akatia sahihi.

Amri ya pili ilikuwa rangi. Mgeni mkubwa akitangazwa kutoka Nairobi, basi kituo kizima kinashikwa na homa. Mawe ya njia yanapakwa chokaa, miti inapakwa chokaa mpaka magotini, na magari yanapelekwa kupakwa rangi upya hata kama ya zamani haijachubuka. Nimefanya kazi sehemu nyingi za nchi hii na najua si ugonjwa wa Bondo peke yake. Zahanati haina glavu, lakini gari lazima ling'ae mgeni asije akafikiri sisi ni wachafu. Hasira yangu juu ya jambo hili haijawahi kupoa, na sasa nawaambia sababu.

Mwaka huo mgeni alitangazwa ghafla, na magari yakapelekwa kwa wapaka rangi waliokubali kumaliza upesi. Niliomba yakirudi yapitie kwangu kwanza. Afisa wa Usafiri akanitazama kana kwamba nimeomba gari la harusi. "Mama Atieno, redio haijapakwa rangi. Unaitakia nini?" Yakarudi asubuhi ya mgeni, yakapangwa mstari, mgeni akayapungia mkono, akanywa soda, akaondoka. Magari yakatawanyika vituoni siku hiyo hiyo. Mimi sikuyagusa hata moja.

Gari moja kati ya hayo liliendeshwa na Ogutu. Alikuwa mtu wa maneno machache, mzaliwa wa bichi moja, yaani kijiji cha wavuvi, upande wa Usenge, na barabara ile ya ufuoni aliijua shimo kwa shimo. Wauguzi walimpenda kwa sababu akibeba mama mjamzito alikuwa anapita kwenye mashimo kwa adabu. Si mlevi, si mtu wa mizunguko. Nayasema haya mapema kwa sababu baadaye yalisemwa mengine.

Wiki chache baada ya mgeni, Ogutu alitumwa kupeleka chanjo upande wa Asembo. Akiwa njiani, zahanati ya bichi ya kwao iliita kituo: kuna mama ameshikwa na uchungu, mtoto amelala vibaya tumboni, gari linahitajika mara moja. Opareta wa redio akamwita Ogutu ageuze. Akamwita tena. Aliendelea kumwita mpaka sauti ikamkauka, na Ogutu hakujibu. Watu wa bichi walimbeba yule mama kwa baiskeli mpaka barabara kubwa, wakasimamisha lori la mchanga. Alifika hospitalini hai. Mtoto hakufika hai.

Mama yule aliitwa Mama Akoth, na boma la mume wake limepakana na boma la kina Ogutu. Hebu lifikirieni hilo. Hakuwa mgonjwa wa mbali asiyemjua. Kwao, Ogutu ndiye aliyekuwa mtoto wa nyumbani mwenye gari la hospitali, na siku walipomhitaji, hakuja.

Afisa wa Usafiri alifanya uchunguzi wake kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Aliingia ndani ya gari, injini imezimwa kama ilivyo amri yake, akafungulia redio, opareta akaita, sauti ikaja safi kabisa. Kisha akaona kitu kingine. Redio hizi zina kitufe cha kunyamazisha, kinachoitwa skwelchi. Ukikizungusha, ule mvumo wa hewani unakufa na unabaki kusikia sauti zenye nguvu tu. Ukikizungusha mpaka mwisho, hata sauti ya mtu anayekuita kutoka mbali inafungiwa nje. Cha Ogutu kilikuwa kimezungushwa mpaka mwisho.

"Alijifungia masikio makusudi," akatangaza mbele ya madereva wote. "Alikuwa na mambo yake huko njiani." Hayo maneno, mambo yake, yalifika Usenge kabla ya jua kuzama, na yalipofika yalikuwa yameshaota miguu: kwamba ana mwanamke Asembo, kwamba alionekana. Ogutu akaandikiwa barua. Akanyang'anywa ufunguo, akapewa kofia ya bawabu, akawekwa langoni kuwafungulia wenzake aliokuwa akiwafundisha kuendesha.

Nilimfuata pale langoni. Nikamwuliza, "Omera, ndugu yangu, hicho kitufe ulikizungusha wewe?"

"Mimi," akasema.

"Kwa nini?"

"Kelele, Mama. Tangu rangi. Ukiwasha injini, ni kama mtu anapiga mabati ndani ya kichwa chako. Nilisema kwa ofisi. Wakaniambia nimezoea starehe." Akafungua lango, gari likapita, akalifunga. "Nilikuwa nasimama kila mara nazima gari, nasikiliza, naendelea. Siku hiyo chanjo ilikuwa inapata joto, barafu imeisha. Sikusimama."

Nililiomba lile gari kwa ukaguzi nikapewa, kwa kuwa hakuna aliyejua nitakachofanya nalo. Nikalitoa nje ya ua, barabarani, ambako amri ya injini haikufika. Nikawasha. Wallahi, mimi ni Mkristo lakini niliapa. Redio ilipasuka mpaka mbwa wa jirani akaamka. Nikachomoa eriali, kimya. Basi inaingilia juu. Nikafungua boneti. Mikanda yangu, niliyoisuka na kuifunga kwa mikono hii, haikuwapo. Wapaka rangi waliiona ni vitambaa vya waya vilivyochakaa, wakaitupa. Nikapanda juu ya paa. Kitako cha eriali kilikuwa kimeng'olewa, rangi ikapakwa chini yake, kikarudishwa juu ya rangi. Eriali haikuwa imegusana na bati hata kidogo. Rangi nzuri sana, nyeupe, inateleza kama sahani.

Fundi mwingine angekwangua, angefunga mikanda mipya, na kabla ya chakula cha mchana gari lingekuwa zima. Mimi niliweka spana chini. Kama ningelitengeneza pale, kelele ingeisha, na hakuna mtu duniani angekuwa na njia ya kujua Ogutu alikuwa akiendesha ndani ya kitu gani. Nikaenda ofisini.

"Bosi, njoo tupime redio ya gari la Ogutu."

"Nilishapima."

"Njoo upime ikitembea."

Alikuja kwa sababu nilisimama mlangoni na mimi si mwembamba. Kabla hatujaondoka nilimwambia opareta aanze kumwita Afisa wa Usafiri kwa cheo chake, asiache mpaka turudi. Tukaketi, injini imezimwa. Redio ikasema wazi, "Afisa wa Usafiri, Afisa wa Usafiri, ingia." Akanitazama kwa dharau. "Si unaona?" Nikageuza ufunguo.

Nilimwendesha hadi nje ya mji, upande wa Usenge, na kurudi. Mwanzoni alijaribu kuongea nikamwonyesha kwa kidole kwamba simsikii. Halafu akashika kichwa. Halafu, na hili nililingoja kama mtu anavyongoja mvua, akanyoosha mkono mwenyewe akazungusha skwelchi mpaka mwisho. Gari likanyamaza. Tuliporudi opareta alikuwa amesimama mlangoni. "Bosi, nimekuita mpaka nimechoka," akasema. "Kwani ulikuwa wapi?"

Afisa wa Usafiri alikaa ndani ya gari kwa muda, mlango wazi, miguu nje. Kisha akasema, "Itengeneze. Leo hii."

"Na barua ya Ogutu?"

"Barua imeshatoka."

"Ilitoka ofisini kwako, haikutoka mbinguni. Inaweza kurudi."

"Mama, wewe unaongea rahisi. Nikiandika kwamba ni rangi, wataniuliza rangi iliagizwa na nani." Alisema hivyo hivyo, macho makavu. "Mtoto amekwisha kufa. Ogutu ana mshahara, ameketi kivulini. Nani ameumia?"

Nimefanya kazi na wakubwa wakali, wazembe, na mmoja aliyekuwa akilala chini ya meza. Hakuna aliyewahi kunichoma kama huyu kwa swali lile. Nikamwambia, "Gari hili sitalitengeneza mpaka nimalize kulipima barabarani," na hilo lilikuwa ndani ya kazi yangu, hakuweza kunizuia. Nikapita langoni. Nikamwambia Ogutu avue kofia ya bawabu apande. Akauliza tunakwenda wapi. Nilipomwambia ni bomani kwa Mama Akoth, akapanda, tukashika njia ya Usenge.

Hakutaka kuingia kwenye boma. Alisimama nje ya ua wa mikonge, mikono nyuma, kama mgeni kwenye kijiji ambacho kila mtu alimjua kwa jina. Watoto waliokuwa wakimkimbilia zamani walisimama mbali. Niliingia peke yangu. Mama Akoth alikuwa ameketi mkekani anachambua maharagwe, na hakuinua macho. Baba mkwe wake, mzee mwenye fimbo, akaniuliza nimetumwa na ofisi. Nikasema hapana, mimi ni fundi wa redio, nimekuja na kitu cha kusikilizwa, si cha kuambiwa. Yule mama akaweka ungo chini, akasimama, akatoka kwenda kwenye gari bila kumtazama Ogutu.

Nilimkalisha kiti cha mbele, upande wa dereva, pale pale Ogutu alipokuwa akikaa. Injini ikiwa imezimwa, tukasikia opareta wa Bondo akiongea na zahanati nyingine, neno kwa neno. Nikawasha. Aliruka, akaziba masikio. Nikamwacha asikilize. Baadaye nikazima, nikamwonyesha kile kitufe, nikataka kumweleza, lakini Ogutu akasogea dirishani akanitangulia.

"Hicho nilikifunga mimi," akasema kwa Kijaluo. "Kelele ilinishinda. Sikusikia wakiniita."

Mama Akoth akamtazama kwa mara ya kwanza. "Ulikuwa unakwenda wapi?"

"Asembo. Nilikuwa na chanjo za watoto."

"Ungesikia, ungerudi?"

"Ningerudi, mama. Ningeendesha mpaka hilo gari livunjike."

Yule mama alishuka, akaingia ndani ya nyumba, akafunga mlango. Hakusema tumekubaliwa, hakusema tumefukuzwa. Baba mkwe akatusindikiza hadi barabarani kwa desturi tu. Njia nzima ya kurudi niliwaka hasira, na niliielekeza kwa kila mtu: wapaka rangi, mgeni na soda yake, Afisa wa Usafiri, hata Mama Akoth mwenyewe, Mungu anisamehe. Ogutu alisema tu, "Ametusikiliza, Mama. Inatosha." Haikunitosha mimi.

Siku iliyofuata nililitengeneza lile gari. Nikakwangua, nikafunga mikanda, nikalirudisha barabarani. Kisha nikakamata magari yote yaliyopakwa rangi, moja moja, bila kuomba ruhusa, na kila moja nililikuta na ugonjwa ule ule. Nilipeleka taarifa Kisumu kwa Meneja wa Karakana. Akanijibu kwa upole kwamba imepokelewa. Imepokelewa! Kila kitu katika nchi hii hupokelewa. Barua ya Ogutu haikurudi, na akaendelea kufungua lango.

Nilifanya kazi miaka mingi baada ya hapo, nikastaafu, sasa ninaishi Migosi, hapa Kisumu, katika nyumba ya kupanga yenye jua zuri asubuhi. Vijana wananijia bado, kwa kuwa walinzi na magari ya wagonjwa bado yanatumia redio kol, na hata leo ukiteremka ufuoni simu inapoteza mtandao panapohitajika. Wanalalamika kwamba redio imekufa. Ninachungulia ndani naona chaja ya simu ya bei ya chini imechomekwa, na taa za kumetameta zimefungwa mbele, zote mbili zinarusha kelele kuliko plagi zangu za zamani. Nikiwaambia chomoa, wanacheka. "Mama, tutanunua redio mpya." Wananunua mpya, wanaifunga ndani ya kelele ile ile, inakufa vile vile. Na dereva akikosa kujibu, swali la kwanza ofisini bado ni lile: alikuwa na mambo gani? Hakuna anayeuliza gari lilikuwa linamfanya nini. Mitambo inakagulika kwa saa moja, lakini imekuwa rahisi zaidi kumkagua mtu tabia. Kama mna cheo popote, na mtu wenu akisema kuna kelele, ingieni ndani ya gari muwashe injini. Mkiona hilo ni kazi kubwa, vueni tai mkalime.

Wananiuliza kama katika kazi yote hiyo ya kugombana sina siku moja ninayoikumbuka kwa furaha. Ninayo, na haikuletwa na ofisi yoyote.

Mvua ndefu zilikuwa zimepita na kurudi tangu tuende Usenge. Nilikuwa chumba cha redio Bondo, nabadilisha waya, na Afisa wa Usafiri amekuja kuchukua taarifa zake. Zahanati ya bichi ikaita. Muuguzi akasema, "Tuna mama wa kujifungua, mtoto amekaa vibaya tena. Gari limefika lakini mgonjwa amekataa kupanda."

"Amekataa kwa nini?" opareta akauliza.

"Ni Mama Akoth. Anasema aletewe Ogutu."

Afisa wa Usafiri akachukua kipaza sauti mwenyewe. "Mwambie Ogutu haruhusiwi kuendesha."

Tukasikia sauti ya mwanamke kwa mbali, halafu muuguzi akarudi. "Nimemwambia. Amesema atamngoja."

Nilimtazama yule bwana. Alitoa mfukoni ufunguo wa lile gari la Ogutu, akautazama, akaniwekea kiganjani bila kunitazama usoni. Nilikimbia mpaka langoni na mwili wangu huu. Ogutu alivua ile kofia, akaitundika kwenye msumari wa lango, na lango akaliacha wazi.

Nilirudi chumba cha redio nikihema. Gari lilikuwa limeshapita soko, linakanyaga mafuta, na opareta akabonyeza kitufe kumjaribu. "Ogutu, Ogutu—" akaanza, na kabla hajamalizia, sauti ikatoka kwenye spika, safi, haina hata punje ya kelele.

"Nakusikia. Mwambieni niko njiani."